Maswali na majibu: PNG haifufui picha

Nembo ya duka letu nilitumiwa kwa WhatsApp, ni JPEG. Nikiigeuza kuwa PNG itafaa kuchapishia bango?

Haitafaa. Na hili swali, jamani, mmeliuliza tena! JPEG huikata picha vipande vya pikseli (vidoa vidogo vya rangi) 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi. PNG itatunza kwa uaminifu ukungu ule ule unaozunguka herufi, na faili litavimba mara kadhaa. Mrudie aliyeichora, akupe SVG (faili la mistari na maumbo, si la pikseli), au PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea; hizo unazikuza hadi ukubwa wa ukuta. Atume kama hati, maana ikitumwa kama picha WhatsApp huikandamiza upya.

Nimefuta .jpg nikaandika .png. Imebadilika?

Jina tu.

Muhuri wetu ni PNG isiyo na bakgraundi. Nikiuhifadhi kama JPEG, nyuma panakuwa peusi. Kwa nini?

JPEG haina uwazi, yaani haiwezi kuhifadhi sehemu zisizoonekana. Pikseli usizoziona kwenye PNG bado zina rangi, mara nyingi nyeusi. Uwazi ukiondolewa, weusi unajitokeza. Weka nyeupe mwenyewe kwa ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

`magick muhuri.png -background white -flatten -quality 92 muhuri.jpg`

Kwenye `-quality` usishuke chini ya 90. Hapo programu huanza kupunguza maelezo ya rangi kwa nusu, upana na urefu, na wino mwekundu wa muhuri huvuja pembeni. Ila muhuri wa ofisi usio na bakgraundi unafanya nini kwenye simu za watu? Mnawarahisishia matapeli kazi.

Kila nikizungusha picha na kuhifadhi, inazidi kuchakaa.

Programu nyingi hufungua JPEG, huizungusha, kisha huikandamiza upya. Tumia jpegtran, programu nyingine ya amri, inayopanga upya vile vipande bila kuvikandamiza tena:

`jpegtran -rotate 90 -perfect -outfile mpya.jpg zamani.jpg`

Ikigoma, vipimo vya picha havigawanyiki sawasawa kwa 8, au kwa 16 kwa picha nyingi za simu. Ukitaka tarehe na taarifa za kamera zibaki, ongeza `-copy all`.

Kwa tovuti, nihamie WebP, ile aina nyingine ya faili la picha?

Hamia, lakini usifute faili za asili. Tumia cwebp, programu ya kugeuza picha kuwa WebP. Picha za kamera: `cwebp -q 80` (80 ni kiwango cha ubora). Skrinshoti: `cwebp -lossless`, yaani bila kutupa chochote. WebP inayopoteza, yaani isiyo ya `-lossless`, hupunguza maelezo ya rangi hata ukiweka `-q 100`, kwa hiyo maandishi mekundu kwenye skrinshoti yatafifia tu.