Ukitaka kuanza kusaka hazina za vibanda vyekundu vya simu Uingereza

Kila majira ya joto yakianza, watu waliohamia Uingereza karibuni huniuliza: huu mchezo wa kusaka hazina kwa GPS, yaani geocaching, unachezwaje, na mbona wewe umeng'ang'ania vibanda vya simu? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika mara moja, kila mtu asome.

Mchezo wenyewe hauna maelezo marefu. Mtu anaficha kasha mahali, anapima koodineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, anaziweka mtandaoni. Wewe unazifuata, unalipata, unaandika jina lako kwenye kikaratasi kilichomo, kisha unalirudisha palepale lilipokuwa. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000. Serikali ya Clinton iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kwa usiku mmoja kosa la kama mita mia likashuka hadi mita kumi na kitu. Siku iliyofuata jamaa mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini na kutangaza ilipo. Leo programu ya simu inatosha. Ya bure itakuonyesha baadhi ya makasha tu, na kwa kuanzia hayo ni mengi. Usikimbilie kulipia.

Hazina usiitegemee. Vijijini Uingereza mara nyingi utakuta kidude chenye sumaku, kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, na ndani kipande cha karatasi kilichosokotwa. Anayetaka zawadi atavunjika moyo mapema. Ndiyo maana nawaambia wapya waanze na mfululizo wa makasha wenye kitu cha kutazama, na kwangu mimi mfululizo huo ni A Fine Pair. Kanuni yake ni moja: pawe na kibanda chekundu cha simu na sanduku jekundu la barua, karibu karibu, ukisimama kwenye kimoja unakiona cha pili. Wafichaji ni wengi, kila mmoja kijiji chake, na kila kasha lina namba yake na jina la mahali.

Kwa nini viwili hivyo viko pamoja? Zamani simu na barua zilikuwa za idara moja, yaani Posta. Penye duka la posta ya kijiji ndipo kibanda kiliposimamishwa, na sanduku la barua limo ukutani. British Telecom (BT), kampuni ya simu, ilitenganishwa na Posta mwaka 1981, ikauzwa kwa wanahisa mwaka 1984, na mwaka uliofuata ikatangaza mpango wa kung'oa vibanda vya chuma na kuweka vya kisasa. Halafu zikaja simu za mkononi. Sanduku la barua limebaki na kazi yake, kibanda kimebaki mjane. Ukijua hilo utajua pia pa kuangalia: ramani ikikufikisha katikati ya kijiji na huoni kitu, tafuta nyumba iliyokuwa posta. Mara nyingi hata jina la nyumba hiyo bado linasema hivyo.

Jifunze kuvitofautisha vibanda kabla hujatoka, maana makasha mengi yana mafumbo ya kujibu kwanza, na mengi huuliza hapo. Utakachokutana nacho vijijini karibu kila mara ni kibanda cha aina ya K6, kilichochorwa na Giles Gilbert Scott mwaka 1935 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George V. Viliwekwa kama 60,000 nchi nzima. Vioo vyake viko mistari minane, na kioo cha katikati ni kipana kuliko vya pembeni. Kaka yake mkubwa, K2, ni wa mwaka 1926 na karibu wote uko London. Huo ni mrefu na mnene zaidi, una mistari sita ya vioo vilivyolingana, na alama ya taji iliyo juu yake imetobolewa matundu yapitishe hewa. Kwenye K6 taji halina matundu. K8 ya mwaka 1968 ina kioo kimoja kikubwa kila upande na imebaki michache mno. Ukiiona, piga picha hata kama hakuna kasha.

Aliye London aanze kwa miguu, bila kasha lolote. Apite Burlington House pale Piccadilly, ambako mfano wa kwanza wa K2, uliotengenezwa kwa mbao, bado umesimama langoni. Kisha aende makaburi ya kanisa la zamani la St Pancras akaone kaburi la John Soane, msanifu majengo wa zamani. Akiitazama kuba ya kaburi lile ataelewa paa la kibanda limetoka wapi. Na anayeishi Hull asinilaumu: simu za mji ule zilikuwa za halmashauri, vibanda vyake ni rangi ya maziwa na havina taji.

Sasa koodineti, ambako wapya wengi hukwama. Katika mchezo huu tunaandika nyuzi, kisha dakika zenye desimali tatu. Tarakimu ya mwisho kabisa ya upande wa kaskazini ni kama mita 1.8, haikusumbui. Ukikosea tarakimu ya kwanza baada ya nukta, umehama kama mita 185. Ukikosea dakika nzima umehama maili moja ya baharini, na mabaharia wetu wanajua umbali huo. Sifuri zisirukwe: 07.050 na 07.5 ni mahali tofauti kabisa. Na sisi tuliotoka Tanzania tumezoea kila mahali kuwa Kusini na Mashariki. Huku ni Kaskazini, na sehemu kubwa ya nchi iko Magharibi mwa Greenwich, ila mikoa kama Kent na Norfolk iko Mashariki. Bonyeza W (Magharibi) badala ya E (Mashariki) ukiwa unakwenda karibu na Maidstone, mji wa Kent, simu itakupeleka jirani na Woking, upande wa pili wa London. Umbali wa kurudi ule, na petroli ya siku hizi, shauri yako.

Ukikaribia mita kumi, weka simu mfukoni. Kweli, iweke. Mshale utaanza kurukaruka kwa sababu ya kuta na miti, na wapya wanaufuata huku na huko kama kuku asiye na kichwa. Kuanzia hapo kazi ni ya macho. Jiulize, mimi ningeficha wapi? Nyuma ya kibao cha jina la mtaa, chini ya benchi, kwenye uzio wa chuma, kwenye nguzo ya kibao cha njia ya miguu. Kasha huwa halimo ndani ya kibanda isipokuwa ukurasa wake useme hivyo, hasa kibanda kikiwa bado na simu inayofanya kazi. Chochote kinachohitaji bisibisi au nguvu si kasha. Waya, taa, na kufuli visiguswe.

Mara nyingi makasha haya huwa na hesabu. Unafika kwenye jozi, unakusanya namba, unazipachika kwenye koodineti za mwisho. Namba hutoka kwenye kibati cha sanduku la barua, chenye saa za kuchukua barua na namba ya sanduku, au kwenye tangazo lililo ndani ya kibanda. Piga picha ya kila kitu kabla hujaondoka: kibati kizima, pande zote nne za kibanda, na kibao cha mtengenezaji ambacho kwenye K6 hutafutwa nyuma, chini. Ukisoma Carron hapo, ujue kimesubiwa katika kiwanda cha Scotland kilichowahi kusubu mizinga ya kivita.

Usiamini sana saa za kuchukua barua. Royal Mail, kampuni ya barua, imezibadilisha kwenye masanduku mengi, na siku hizi utaona saa tatu asubuhi mahali ambapo mfichaji aliona saa kumi na moja jioni. Namba ya sanduku yenyewe, ile inayofuata msimbo wa eneo, hubadilika kwa nadra. Hesabu ikikutupa baharini au zaidi ya kilomita tatu na kitu kutoka ulipo, rudia. Makasha ya mafumbo kwa kawaida hayaendi mbali hivyo.

Herufi za wafalme zilizo kwenye masanduku ya barua ndizo zinazowachanganya watu. VR ni Victoria. E VII R ni Edward wa Saba. GR bila namba ni George wa Tano, na ukiulizwa namba hapo usiandike sifuri kabla hujasoma swali mara mbili. G VI R ni George wa Sita, E II R ni Elizabeth. Edward wa Nane alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, kwa hiyo sanduku lake ni bahati. La Charles, C III R, lilianza kuonekana mwaka 2024 huko Cambridgeshire. Ukivuka kwenda Scotland hutaiona E II R kwenye masanduku mapya, utaona taji la Scotland peke yake. Waskoti walisema hawajawahi kuwa na Elizabeth wa Kwanza, huyu wa Pili katoka wapi? Sanduku moja la Edinburgh lilipuliwa kwa bomu mwezi Februari 1953 kwa ugomvi huo. Wala si utani.

Jambo jingine nalisema wazi kwa sababu wengi wetu hulinong'ona tu. Mtu mweusi asiyejulikana, anapapasa nguzo katikati ya kijiji chenye nyumba ishirini, pazia litafunuliwa. Usijifiche wala usijifanye unaongea na simu. Salimia wewe kwanza. Ukiulizwa, sema unasaka kasha la GPS na taja neno geocaching. Wengi wanalijua, na wengine watakuonyesha kwa kidevu lilipo. Mara nyingi mwenye kukuuliza ndiye anayekipaka rangi kile kibanda. Tangu mwaka 2008 BT huwauzia jamii kibanda kwa pauni moja: simu inaondolewa, chuma kinabaki mali ya baraza la kijiji. Ndani wanaweka vitabu, ramani, au mashine ya kushtua moyo. Kabati la mashine hiyo usiliguse kwa ajili ya mchezo. Aliye na dharura hupiga 999 na hupewa namba ya kulifungua. Ukiwa na watoto, wachukulie kitabu kimoja, ila uwe umebeba cha kuacha.

Vifaa ni vichache: kalamu yako mwenyewe, kibano cha kuvutia karatasi, glavu, na betri ya akiba, maana baridi humaliza chaji. Desemba giza huingia saa kumi jioni, kwa hiyo toka asubuhi.

Kabla ya kusafiri soma maandishi ya waliotangulia kwenye ukurasa wa kasha, walau matano ya mwisho. Picha za barabarani za mtandaoni zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma na kibanda kikawa kimekwisha kuondolewa. Mwaka 2022 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, iliweka masharti ya kulinda vibanda kama 5,000 vya aina zote: palipo na mtandao hafifu, penye ajali nyingi, au palipopigwa simu 52 na zaidi kwa mwaka. Nje ya hapo BT inaweza kukiondoa. Vingine ni salama kwa sababu vimeorodheshwa kama majengo ya kihistoria. Ukifika ukakuta zege tupu na nyasi, usijiandikie kwamba umepata kwa kuwa tu umesafiri mbali. Andika hukupata, weka picha ya pale palipokuwa na kibanda na nyingine ya kibati cha sanduku lililobaki, na mfichaji ataamua kama ataliondoa kasha lake au atabadilisha swali.