Ubongo hausubiri tumbo lionekane

Mhariri, wiki hii mmetuuliza mama mjamzito afanye nini ili mtoto azaliwe na akili timamu. Mimi nauza kwenye duka la dawa hapa Tanga, na swali hilo naulizwa mara kwa mara, ila linakuja limechelewa. Mteja anaingia, tumbo limeshamtangulia, ananyooshea kidole kopo la mafuta ya samaki. "Dada, ile ya kuongeza akili bei gani?" Namuuliza mimba ina miezi mingapi. Mitano. Kliniki? "Bado, mama mkwe kasema nisijitangaze mapema."

Jibu langu liko hapo. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mrija mwembamba, na mrija huo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge. Wengi wetu wakati huo hata hatujajua kama tuna mimba. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na safari za kwenda MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, zinaanza. Vidonge vya foliki hupunguza sana hatari hiyo, lakini vinywewe kabla: mikrogramu 400 kwa siku, tangu mnapoanza kutafuta mtoto mpaka miezi mitatu ya mwanzo iishe. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa zaidi, basi huyo amwone daktari kwanza, na dawa zake za kifafa asiziache.

Mila ya kuficha mimba changa siibezi. Watu wana midomo, na mimba changa huharibika. Lakini kumficha jirani ni jambo moja, kumficha nesi ni jingine. Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Nenda kimya kimya, nesi hatapita mtaani na tarumbeta. Na mwenye miezi mitano asikate tamaa, maana ubongo unaendelea kukua mpaka anajifungua na baada ya hapo.

Kitu kingine kiko jikoni: chumvi. Sisi wa pwani tunajidanganya kwamba samaki wanatutosha, kumbe hata Unguja na Pemba, walikozungukwa na bahari, watafiti walikuta upungufu wa madini joto, yaani ayodini. Madini hayo ndiyo tezi ya shingo hutumia kutengeneza homoni zinazojenga ubongo, na nusu ya kwanza ya mimba mtoto hutegemea zaidi homoni za mama yake. Ile chumvi ya mawe inayopimwa kwa kisado, imeanikwa juani mbele ya duka, mara nyingi haina kitu. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, uitie chakula kikikaribia kuiva. Si lazima uzidishe kiasi.

Vidonge vya damu mnavyopewa kliniki msivifiche chini ya godoro. Najua vinachefua na choo kinakuwa cheusi. Vinywe na maji au juisi ya chungwa. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Udongo wa kula nao ni hivyo hivyo, na mwingine una madini ya risasi, sumu ya ubongo hasa. Pombe acha kabisa.

Kuhusu kumwekea mtoto muziki tumboni: huanza kusikia karibu na mwezi wa sita, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Kwamba muziki unamwongezea akili, hilo halijathibitishwa. Mwimbie, msomee Kurani, mpigishe soga ukipenda. Spika usimbandike tumboni.