Pepo ikiondolewa, nani atabaki msikitini na kanisani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tanga, kijiweni kwetu tuko mchanganyiko, waislamu na wakristo, na tukikosa abiria tunapiga stori za kila aina. Sasa kuna mwenzetu kauliza, hivi tukiambiwa leo hakuna pepo wala moto, ukifa ndo umekufa basi, lakini amri za Mungu ziko palepale, nani angeendelea? Jamaa mmoja kasema hapohapo kufunga angeacha siku hiyohiyo, maana atashinda njaa kwa faida gani. Wengine wakambishia lakini mimi nilinyamaza, kwa sababu nikijichunguza naona ninaswali kwa kuogopa adhabu ya kaburi, hakuna kingine. Tangu siku hiyo sina raha. Je ibada yangu inahesabika au namfanyia Mungu biashara? Na wamewahi kuwepo watu waliomtii Mungu bila kuahidiwa chochote baada ya kufa, au hayo ni maneno tu ya kusema?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana jibu lake liko wazi: ndiyo, wamekuwepo, na si wachache.

Chukua kitabu cha Ayubu. Swali la kijiweni kwenu limo humo tangu mlango wa kwanza na anayeuliza ni Shetani mwenyewe, anamwambia Mungu, "Je! Huyo Ayubu yuamcha Mungu bure?" Yaani mtu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, watoto 10, umemzungushia ukigo pande zote, kwa nini asikuche, hebu mguse mali yake uone kama hatakukufuru. Ayubu akapoteza vyote siku moja, afu mwili nao ukajaa majipu. Na hapa kuna kitu wasomaji wengi wanakipita, Ayubu hakuwa na pepo ya kujiliwaza nayo. Mlango wa 14 anasema mti ukikatwa una tumaini la kuchipuka tena ila mwanadamu akifa amelala, hainuki. Najua wakristo wengi wanausoma mlango wa 19, anaposema Mteteaji wake yu hai, kama tumaini la ufufuo, na siwakatalii. Lakini pitia malumbano yote na wale rafiki zake, hakuna hata mmoja anayemwambia vumilia ndugu utalipwa mbinguni, wao wanamwambia tubu urudishiwe mambo yako hapahapa duniani. Ayubu analia, anamlalamikia Mungu waziwazi tena kwa maneno makali, lakini hamwachi.

Wapo pia Masadukayo, kundi la Wayahudi wa zama za Yesu. Matendo ya Mitume 23:8 inasema wazi kwamba hawa walikana ufufuo, wakakana malaika na roho. Na usidhani walikuwa watu wa pembeni, ukuhani wa Yerusalemu kwa sehemu kubwa ulikuwa mikononi mwao mpaka Warumi walipolibomoa hekalu mwaka 70. Sabato wanashika, watoto wanawatahiri, sadaka wanachinja asubuhi na jioni, na wanaamini ukifa umekwisha. Kwa nini sasa wajisumbue? Kwa sababu Torati yenyewe ukiisoma ahadi zake karibu zote ni za dunia hii, mvua ya masika na mvua ya vuli kwa wakati wake, nafaka, mifugo izae, mheshimu baba yako na mama yako siku zako zipate kuwa nyingi katika nchi. Kwa hiyo tuwe wakweli, akhera kwao haikuwepo lakini ujira ulikuwepo, ila ulikuwa shambani na zizini badala ya mbinguni.

Wayahudi wenyewe hili liliwasumbua. Walikuwa na mwalimu anaitwa Antigono wa Soko, aliishi karne mbili hivi kabla ya Yesu, fundisho lake kubwa ni kwamba msiwe kama watumishi wanaomtumikia bwana wao ili wapate malipo, muwe kama wanaomtumikia bila kutazamia malipo. Maneno mazuri sana. Lakini masimulizi yao yanasema waliokuja baada yake wakaanza kuulizana, inawezekanaje kibarua afanye kazi kutwa nzima halafu jioni asipewe chake? Wakahitimisha kwamba basi mwalimu alimaanisha malipo hayapo, wakajitenga, na eti Masadukayo wametokea hapo. Stori hiyo imesimuliwa na wapinzani wao kwa hiyo ichukue kwa tahadhari, ila mimi naipenda kwa sababu inaonyesha yule rafiki yako aliyesema angeacha kufunga ana ndugu zake wa zamani sana, na swali lake si la kihuni.

Turudi kwako wewe na hofu yako ya kaburi. Umeuliza kama unamfanyia Mungu biashara kama vile neno hilo ni tusi. Mbona Qur'an yenyewe inalitumia? Sura ya 61 aya ya 10 waumini wanaulizwa, je, nikuonyesheni biashara itakayokuokoeni na adhabu iliyo chungu? Na sura ya 32 inawasifu wanaoinuka usiku wakamwomba Mola wao kwa hofu na tumaini, vyote viwili vimetajwa na vyote vimesifiwa. Kwa hiyo kama aliyekuumba kakuita kwa mlango wa hofu ukaingia, ibada yako inahesabika mwanangu, usikae unajitesa. Kinachokemewa kiko sura ya 22 aya ya 11, yule anayemwabudu Mwenyezi Mungu ukingoni, akipata kheri anatulia, akifikwa na msukosuko anageuza uso.

Ila ukiingia mlangoni si lazima ukae mlangoni miaka yote. Kuna maneno yanayonasibishwa kwa Imam Ali, mkwe wa Mtume Muhammad, kwamba wapo wanaomwabudu Mungu kwa kutaka thawabu, hiyo ni ibada ya wafanyabiashara, wapo wanaomwabudu kwa woga, hiyo ni ya watumwa, na wapo wanaomwabudu kwa shukrani, hiyo ndo ya watu huru. Naye mcha Mungu mmoja, mama wa Basra huko Iraq, Rabia al-Adawiyya, aliyefariki karibu na mwaka 801, anasimuliwa alikuwa akiomba kwamba kama nakuabudu kwa kuogopa moto niunguze nao, kama nakuabudu kwa kutaka pepo ninyime, kama nakuabudu kwa ajili yako wewe mwenyewe basi usinifiche uzuri wako. Watu wanaitaja sana dua hii, na mimi naiheshimu, lakini siwezi kukuambia wewe dereva wa bodaboda uiombe kesho asubuhi.

Kinachonigusa zaidi ni hadithi iliyo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Mtume alikuwa akisimama usiku kuswali mpaka miguu inavimba, mkewe bibi Aisha akamuuliza kwa nini unajitesa hivi na hali Mwenyezi Mungu ameshakusamehe yaliyotangulia na yatakayokuja? Akajibu, je, nisipende kuwa mja mwenye kushukuru? Hebu litafakari jibu hilo taratibu. Nyie kijiweni mmeondoa pepo ili muone nani atabaki, lakini kuna njia ya pili ya kupima, umpe mtu uhakika wa pepo leoleo halafu uone kama atalala. Hakulala. Kwa wakristo nao kuna vijana watatu wa kitabu cha Danieli, Shadraka na wenzake, wamesimama mbele ya tanuru wanamwambia mfalme, Mungu wetu aweza kutuokoa, bali kama si hivyo, ujue hatukubali kuitumikia miungu yako. Hilo "bali kama si hivyo" ndo jibu la swali lenu lote, na wamelisema moto unawaka mbele yao.

Sasa nikwambie ninachoamini mimi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tukijadili akhera tunajiweka sisi katikati, mimi nitapata nini, mimi nitaungua wapi, kama vile kiyama kimewekwa kwa ajili ya kunilipa mimi funga zangu. Soma sura ya 107, fupi tu, watoto wa madrasa wanaijua kwa moyo: je, umemwona anayekadhibisha malipo? Huyo ndiye anayemsukuma yatima. Makuraishi wa Makka hawakuwa watu wasiomjua Mwenyezi Mungu, wakihiji, wakizunguka Kaaba, wakiapa kwa jina lake, walichokikataa ni kufufuliwa, wakauliza nani ataihuisha mifupa iliyokwisha kumung'unyika. Na Qur'an inapowajibu haisemi tu kwamba mtakosa bustani, inawaonyesha yatima anayesukumwa na maskini asiyelishwa. Yaani asiyetegemea kuulizwa anamsukuma nani? Anamsukuma asiye na mtu wa kumtetea.

Tunawajua wajane waliofukuzwa kwenye shamba na mashemeji, kesi ikapigwa tarehe miaka na miaka mpaka mama wa watu akafa bado anafuatilia faili, na aliyemdhulumu akazeeka kwa amani, akazikwa na umati. Ukiiondoa akhera, mcha Mungu atakosa zawadi, sawa, pengine atavumilia maana ameshaonja utamu wa ibada yenyewe, lakini yule mama atakuwa amedhulumiwa milele na hakuna pa kukata rufaa. Mimi hilo ndo linaniuma kuliko kujua nani angeendelea kufunga, na ndo sababu siwezi kuichukulia pepo na moto kama peremende na kiboko tu vya kutushikia adabu.

Kuhusu kiboko chenyewe, kinasaidia kiasi. Mwaka 2012 watafiti wawili, Azim Shariff na Mijke Rhemtulla, walilinganisha imani na uhalifu katika nchi 67, wakakuta penye watu wengi wanaoamini moto uhalifu uko chini, na penye wanaoamini zaidi pepo kuliko moto uhalifu uko juu. Kulinganisha nchi si kuthibitisha kwamba hiki kimeleta kile, lakini na wewe ukiangalia utaona hofu inauzuia mkono. Moyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo endelea kuswali. Na siku abiria atakaposahau simu kwenye pikipiki yako, usiku, hakuna aliyeona, kabla hujaikumbuka adhabu ya kaburi mkumbuke kwanza mwenye simu anavyohangaika kuitafuta. Mpelekee.

SWALI: Mwalimu, mimi nafundisha sekondari Kajiado. Babu yangu mzaa baba, Mmaasai, hakusoma na hakubatizwa, na sikumsikia hata siku moja akitaja mbinguni kwa maana ya mahali pa kwenda ukifa. Lakini nimekua namwona akimwomba Enkai, Mungu wa Wamaasai, kila siku na hakuwa mwongo wala mwizi. Pasta wetu akisema bila hofu ya jehanamu watu wangekuwa wanyama, babu yangu nimuweke wapi?

JIBU: Muweke mahali pa heshima, mwalimu mwenzangu. Hayati Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliyefariki 2019, ndiye aliyeandika kwamba katika dini za jadi za Afrika hakuna pepo ya kutarajiwa wala jehanamu ya kuogopwa huko baadaye, na hakuna anayeweza kusema Mbiti hakuzijua dini hizo au hakuujua Ukristo. Wamaasai wa zamani waliokufa wengi waliwekwa porini tu, kaburi lilikuwa la wazee wakubwa, lakini akina mama walikuwa wakinyunyiza maziwa asubuhi wakimwomba Enkai awape watoto, mvua na ng'ombe. Hapo unaona tena yale ya Masadukayo, malipo ni ya hapahapa, na adhabu pia, kwa sababu laana ya mzee haisubiri ufe.

Kwa hiyo pasta amekosea kuhusu babu, ila asidharauliwe kabisa. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika kwenye jamii 8, kuanzia Fiji na Vanuatu mpaka Wahadza wa kwetu Tanzania, watu waligawa sarafu wakiwa peke yao bila kuangaliwa. Waliosema mungu wao anajua wanayowaza na anaadhibu, waliwatendea haki zaidi watu wa dini yao wanaoishi mbali, wasiowajua. Jicho la kijiji linatosha kumfanya mtu awe mwema kwa wa kijijini. Kwa mtu wa mbali ambaye hutaonana naye tena, hapo ndo unahitaji Mungu anayeona, iwe anaadhibu leo au kiyama.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 karudi analia, wamefundishwa kuhusu moto, sasa usiku hataki kulala peke yake na anauliza kama marehemu bibi yake anaungua. Nimwambie nini? Mama, Dodoma.

JIBU: Pole sana mama. Leo usiku lala naye, na mwambie bibi yuko kwa Mungu anayempenda kuliko wewe unavyompenda, usiongeze kitu juu ya hapo. Kisha nenda ukaongee na mwalimu wake kwa upole, muulize walikuwa wanafundishwa somo gani, mweleze mtoto halali, umwombe kwa umri huo awafundishe kwanza kushukuru, chakula, macho ya kuonea, mama na baba. Hesabu za dhambi mtoto wa miaka 7 hana bado. Nyumbani mkiomba mwache yeye ataje vitu vitatu vilivyomfurahisha siku hiyo, na mkimpelekea jirani mgonjwa uji, mpe yeye abebe chupa. Akiuliza kwa nini tunampelekea, mwambie kwa sababu anaumwa na ana njaa.