Mafuriko ya miaka 100: tuseme "kila baada ya" au tusemeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa pili, semista hii tuna kozi ya probabiliti na takwimu. Lekchara anafundisha kwa Kiingereza ila kwenye diskasheni tunaelekezana kwa Kiswahili mana ndo tunaelewana haraka. Juzi nikasema mafuriko ya miaka 100 ni yale ambayo hutokea kila baada ya miaka 100, mwenzangu akasema hapo nimeshaharibu. Sasa kosa liko kwenye Kiswahili changu au kwenye hesabu? Na hili neno uwezekano linatosha kweli kubeba probabiliti au tubaki na chansi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi, na kosa limeanzia kwenye Kiswahili, hesabu imefuata nyuma yake. Nimefurahi sana umeuliza, mana sentensi kama yako inarudi kila masika mito ikifurika na watu wanaibeba hivohivo bila kuigusa.

Angalia "kila baada ya" tunavyoitumia siku zote. Dozi kila baada ya masaa nane, uchaguzi mkuu kila baada ya miaka mitano, oili ya gari kila baada ya kilomita kadhaa. Kote huko kuna ratiba, yaani ukishajua ya mwisho ilikuwa lini basi inayofuata unaijua. Alafu wewe ukaongeza "hutokea", na hiyo hu- ndo imefunga mlango kabisa kwa sababu hu- haibebi wakati, haisemi jana wala kesho, inasema hivi ndivyo mambo yalivyo siku zote, ndo mana methali zinaipenda, haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo ukiziweka pamoja, "hutokea kila baada ya miaka 100", umempa msikilizaji kalenda. Mtu anayekumbuka maji ya Elnino ya 1997/98 anakaa anapiga hesabu zake, kama yale ndo yalikuwa ya miaka 100 basi mpaka 2098 tuko salama, ananunua kiwanja bondeni. Na hajakosea kuelewa, ameelewa vizuri kabisa kile alichoambiwa.

Sasa mhandisi anamaanisha nini? Anamaanisha kuna kiwango fulani cha maji, na kila mwaka mmojammoja uwezekano wa mto kufikia au kuvuka kiwango hicho ni 1 kwa 100, yaani 0.01. Mwaka huu 0.01, mwakani 0.01 tena, hata kama mwezi uliopita tu maji yamepita juu ya daraja. Kwenye hesabu za darasani kwenu miaka haitegemeani, ni kama dadu, ikitoka sita leo haina deni wala zawadi kwa kesho.

Hiyo 100 imetoka wapi basi? Ukigawa 1 kwa 0.01 unapata 100, na huo ndo muda wa wastani kati ya tukio na tukio, ukitazama miaka mingi sana. Wastani! Kwa hiyo sentensi yako ingepona kidogo kama ungesema "kwa wastani mara moja katika miaka 100", ila mimi bado siipendi sana, kwa sababu kwenye maongezi "kwa wastani" inapita sikioni haraka na kinachobaki kichwani ni mara moja na miaka 100. Ningesema hivi: *kiwango cha mafuriko ambacho kila mwaka kina uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kuvukwa*. Ndefu, najua, ila kila neno hapo linafanya kazi. Ukitoa "kila mwaka" hatujui ni asilimia 1 ya muda gani, na ukitoa "au kuvukwa" umebaki na maji yanayosimama palepale kwenye mstari, ambayo siyo unayoyapigia hesabu.

Fanya hesabu yenyewe uone lugha inavyokuvuta. Daraja limesanifiwa lidumu miaka 50, uwezekano wa kukutana na mafuriko hayo angalau mara moja ni kiasi gani? Mwenye kalenda kichwani atasema ni sifuri mana miaka 100 haijafika, au atajumlisha asilimia 1 mara 50 apate asilimia 50. Yote mawili siyo. Uwezekano wa mwaka mmoja kupita salama ni 0.99, wa miaka 50 mfululizo ni 0.99 kwa kipeo cha 50, kalkuleta itakupa kama 0.605, toa kwenye 1 unabaki na 0.395. Karibu asilimia 40! Kwa miaka 100 mizima inakuwa kama 0.634, sio 1, maana yake karne nzima inaweza kupita bila tukio hata moja na makadirio yako yakawa sawa tu. Na hiyo "angalau" usiidondoshe hata kwa bahati mbaya, mana "mara moja" peke yake ni mara moja tu, na "angalau mara moja" ni moja, mbili, tatu na kuendelea, hizo ni hesabu mbili tofauti na kwenye testi zinatenganisha watu.

Twende kwenye uwezekano. Linatosha, na msiwe na wasiwasi nalo. Najua kinachowasumbua, neno limetokana na kuwezekana, na kuwezekana ni ndiyo au hapana, kwa hiyo mtu akisema "kuna uwezekano wa mvua" amekwambia tu kwamba inaweza kunyesha, hajakupa kipimo. Lakini kipimo tunakiweka siku zote bila kufundishwa, tunasema uwezekano mkubwa, uwezekano mdogo, uwezekano finyu, na jambo linalopokea mkubwa na mdogo linapokea namba pia, uwezekano wa 0.3, uwezekano wa asilimia 30. Ushauri wangu ni huu, kwenye diskasheni mkisema "kuna uwezekano" basi mjue mnaongelea kutokea au kutotokea, na mkisema "uwezekano wa hiki ni hiki" mko kwenye probabiliti. Chansi haina ubaya mkiwa mnaongea, shida yake ni kwamba imezoea kwenda na mazuri, chansi ya kupata kazi, chansi ya kupata nafasi, sasa "chansi ya daraja kuanguka" inakwaruza sikio. Bahati ndo msiiguse kabisa. Yamkini, huenda, pengine na labda ni maneno mazuri sana ila yanapima imani ya msemaji, namba hayabebi, huwezi kusema yamkini ya 0.3.

Hukuuliza ila nakuongezea, mana najua wiki chache zijazo mtafika kwenye uwezekano wa tukio moja pale ambapo jingine linajulikana kuwa limetokea, ule mnaouandika kwa mstari wima katikati ya A na B. Hapo Kiswahili kina kitu kizuri sana, -ki-. Kanuni yangu ni nyepesi: kitenzi chenye -ki- ndicho kinachokaa nyuma ya mstari, yaani kulia kwake, mahali pa B. Chukua mfano wa maungio ya vyuma ya kuchomelea, tuseme yapo 1,000, ishirini yana ufa. Una kifaa cha kupimia, ufa ukiwepo kinalia mara 90 kwa 100, ufa usipokuwepo kinalia kimakosa mara 5 kwa 100. Kwa hiyo kwenye yale ishirini kitalia kwa 18, na kwenye 980 yaliyo mazima kitalia kwa 49.

Sasa sema sentensi mbili kwa sauti. "Uwezekano wa kifaa kulia ufa ukiwepo" ni 0.9, hiyo ndo sifa ya kifaa. "Uwezekano wa ufa kuwepo kifaa kikilia" ni 18 gawanya kwa 67, kama 0.27, na hiyo ndo anayoihitaji fundi aliyesimama pale anataka kujua akate chuma au aache. Maneno ni yaleyale, ufa, kifaa, kulia, kilichohama ni -ki- peke yake, na jibu limetoka 0.9 likaja 0.27. Wanafunzi wengi wanachanganya hizi mbili wakiwa wanasoma kwa Kiingereza, alafu ukiwaambia wazitamke kwa Kiswahili wanaona wenyewe zilipoachana.

Ila msiweke -po- mahali pa -ki- hapo. "Kifaa kinapolia" inaweza kusikika kama kila kinapolia, inarudi kulekule kwenye mazoea kama ile hutokea yako, wakati "kikilia" inaacha mlango wazi, kinaweza kulia au kisilie, sisi tunahesabu upande ule tu ambao kimelia. Na likishatokea kabisa semeni "kikiwa kimeshalia", hapo hata "na" haiwezi kujipenyeza, mana "ufa kuwepo na kifaa kulia" ni swali la tatu kabisa, jibu lake 18 gawanya kwa 1,000.