Ngazi tatu mlangoni na wateja wavuta sigara: jibu kwa anayefungua hoteli Ngara

Ndugu, umesema mlangoni kuna ngazi tatu, mwenye nyumba amekwambia hilo ni lako, na fundi anataka akukatie kona ya wavuta sigara kwa pazia. Mimi naendesha hoteli ya chakula South B, hapa Nairobi, na nimepitia hayo yote. Pazia achana nalo.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inaruhusu chumba cha kuvutia, lakini kiwe na kuta kutoka sakafuni hadi darini, na hewa yake itolewe nje moja kwa moja bila kuwafikia wengine. Hapo unazungumzia ukuta, mlango, feni ya kufyonza na bomba la kutoka nje, halafu jirani wa ghorofa ya juu analeta kesi moshi ukimwingilia dirishani. Kwa hoteli ndogo hasara ni meza zilizopotea. Kibaraza chenye paa na turubai pembeni pia kisikudanganye, maana sheria inahesabu hata mahali palipozibwa nusu. Kwangu hakuna sigara popote. Ondoa visahani vya majivu, bandika ilani mlangoni na chooni, basi. Mvutaji anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kifungo cha hadi miezi 6, na mwenye biashara anayemruhusu ana adhabu yake pia. Wahudumu wangu humwambia mteja, "Mzee, samahani, hapa ni elfu hamsini," naye hutoka akicheka. Wakimhubiria kuhusu mapafu, wanagombana.

Pesa ulizookoa peleka mlangoni. Kipimo cha rampu, yaani mteremko wa kupandia kiti cha magurudumu badala ya ngazi, ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hivyo unahitaji mita 5.4. Fundi atakwambia mita mbili zinatosha. Hazitoshi, labda kwa kupandisha kreti za soda. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kujisukuma hapo, na kiti kinaweza kumpindukia nyuma.

Sasa mita hizo utazitoa wapi? Njia ya waendao kwa miguu si yako, na ukimwaga zege pale bila kibali kanjo, yaani askari wa kaunti, watakuja na nyundo. Rudisha mlango ndani ili mteremko uanzie kwenye eneo lako, au uufuatishe ukuta na kuupinda katikati, na uache sehemu tambarare ya mita 1.5 kwenye kona na mbele ya mlango. Kama kuna mlango wa nyuma ulio sawa na ardhi, utumie, ila mtu wa kiti cha magurudumu asipitishwe katikati ya mapipa ya taka na mitungi ya gesi. Huyo ni mteja, si mzigo. Weka vyuma vya kushikia pande zote mbili, na sakafu iwe ya kukwaruza. Vigae vinavyong'aa ni hatari mvua ikinyesha.

Choo ndicho wengi hukisahau. Majengo mengi ya zamani sakafu ya choo imeinuliwa kupitisha mabomba, ukikuta kingo mlangoni, rampu yako yote ya nje haina maana. Mlango uwe wa sentimita 90 na ufungukie nje, ndani kiti kiweze kugeuka, yaani duara la mita 1.5. Vyuma vya kushikia vifungwe kwenye ukuta wa mawe, usikubali jipsamu, vitang'oka na mtu. Na tafadhali, kisigeuzwe stoo ya ndoo na mifagio! Hapa Nairobi nimeviona vingi vyenye alama ya kiti mlangoni na magunia ya viazi ndani.

Kuhusu mwenye nyumba: kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, na sasa kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mtajie hayo kwa upole, kisha muombe ruhusa ya maandishi ya kubomoa na kujenga, na muandikiane ni nani analipa na kama gharama itakatwa kwenye kodi ya nyumba. Fanya hivyo kabla hujatoa diposti, maana ukishalipa simu zako hatazishika.