Mbona kirusi hiki hakiui seli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba virusi vya Epstein-Barr vikitiwa kwenye chembe nyeupe za damu ndani ya chupa ya maabara, chembe hizo huanza kuzaliana na haziachi. Nijuavyo mimi, kirusi kikiingia kwenye seli huigeuza kiwanda chake, kisha huipasua. Iweje hiki kiikuze? Na kama watu wazima karibu wote tunacho, mbona damu yetu haizaliani hivyo mwilini? Halafu, naweza kujaribu kwa damu yangu mwenyewe?
*Mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali la tatu nitalijibu mwisho, ila usiguse sindano kabla hujafika huko.

Nilikaa miaka kumi na moja kwenye chumba cha kukuzia seli, na kazi hii niliifanya hadi nikaacha kuhesabu. Unachukua mililita 10 za damu, unaizungusha kwenye mashine mpaka upate utando mwembamba mweupe chini ya plazma, unaunyonya taratibu kwa pipeti. Unauchanganya na maji yaliyochujwa kutoka kwenye seli ziitwazo B95-8, seli za tumbili mdogo, marmoseti, ambazo humwaga virusi hivi kwa wingi. Unaongeza chakula cha seli na seramu ya ndama, unaweka kwenye inkubeta ya nyuzi 37, unaondoka. Kuondoka ndiko kunakowashinda wanagenzi. Siku za mwanzo utaona maiti tu, kwa kuwa kirusi hiki hakishughuliki na chembe nyeupe zote. Kinazitaka seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Nyingine nyingi hujifia.

Baada ya wiki moja hivi, chini ya hadubini, vinaonekana vishada: seli zimenenepa, zimeshikana. Wiki chache baadaye unaviona kwa macho, kama mchanga mwembamba sakafuni mwa chupa, na chakula kilichokuwa chekundu kimegeuka manjano kwa asidi inayotolewa na seli zenye njaa. Asubuhi ya namna hiyo nilikuwa napiga mluzi. Lakini nikikuta manjano pamoja na ukungu uliotanda sawasawa chupa nzima, nilijua ni bakteria, na mkono uliochafua ni wangu.

Ukungu huo nusura uwanyime watu kirusi chenyewe. Mwishoni mwa 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameieleza saratani ya taya za watoto, kwenda kwa Anthony Epstein jijini London. Ukungu wa angani ukaipeleka ndege Manchester. Kifurushi kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu yeyote angedhani ni bakteria akamwaga. Epstein alitazama tone moja kwenye hadubini kwanza, akakuta seli hai zikielea. Yvonne Barr akasaidia kuzikuza, na mwaka 1964 Epstein na Bert Achong wakaona ndani yake, kwa hadubini ya elektroni, chembechembe za kirusi cha jamii ya herpesi.

Kuona kirusi ndani ya seli si kuthibitisha kwamba ndicho kinachoikuza. Mwaka 1967 Werner na Gertrude Henle na wenzao, Philadelphia, walizipiga mionzi seli za saratani hiyo zisiweze kuzaliana tena, wakaziweka pamoja na chembe nyeupe za watoto wachanga wa afya. Zilizostawi ni zile za watoto hao. Mwaka uliofuata John Pope na wenzake, Brisbane, wakaondoa seli kabisa: walitumia maji yaliyochujwa tu, juu ya chembe nyeupe za vijusi, nazo zikageuka. Mimi jaribio la Pope ndilo ninalolipenda. Halikumwachia mbishi pa kujificha.

Sasa swali lako la kwanza. Kirusi hiki kinaweza kupasua seli, na wakati mwingine hufanya hivyo. Ila kikiingia kwenye seli B kawaida hujificha. DNA yake hujikunja kuwa duara, hukaa ndani ya kiini, na kati ya jeni zake zaidi ya themanini huwasha chache tu, zenye protini tisa hivi. Seli B ya kawaida haigawanyiki ovyo. Inangoja iguse adui wake, kisha ingoje ruhusa ya seli T, chembe nyeupe nyingine za ulinzi. Kirusi kinaghushi hati zote mbili. Protini yake LMP2A inaiga ishara ya kuguswa na adui. LMP1 inaiga ruhusa ya seli T, tena ruhusa isiyozimika. EBNA2 huwasha jeni za kugawanyika, na EBNA1 huifunga ile duara kwenye kromosomu isipotee seli inapogawanyika. Kwa nini kiue seli, ikiwa kila seli ikizaa, nacho kimezaa?

La pili nilifundishwa na uzembe wangu. Mara ya kwanza kufanya kazi hii peke yangu nilitayarisha chupa mbili, moja ya damu ya mtu mzima, nyingine ya damu ya kitovu cha mtoto mchanga, nikasahau kutia dawa iitwayo siklosporini. Wiki ya pili zote zilikuwa na vishada. Wiki ya nne ile ya mtu mzima ilikuwa imebaki na takataka, ya mtoto inastawi. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu ni nini kingine nilichoweka chupani bila kujua. Seli T. Za mtu mzima zilikwisha kukutana na kirusi hiki, zikawafukuza wenye hati za kughushi. Za mtoto zilikuwa hazijawahi kukiona. Siklosporini huzilaza seli T, ndiyo maana tunaitia. Na ndiyo maana mgonjwa aliyepandikizwa figo, anayemeza dawa za aina hiyo, huweza kupata uvimbe wa seli B zilizogeuzwa. Kwako wewe, walinzi wako macho.

Damu yako mwenyewe? Hapana. Ukijichoma kwa bahati mbaya na seli zilizogeuzwa za mtu mwingine, mwili wako utaziona ngeni na kuzikataa. Zako zitarudi zikiwa na sura ya mwenye nyumba. Kwenye mlango wa chumba chetu tulibandika karatasi: DAMU YA WAFANYAKAZI WA HUMU HAIINGII INKUBETA. Mwenye mwandiko ule ni mimi.