Maswali ya Wasomaji: Kitanda na Umeme Ndani ya Hiace

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nimenunua Hiace ya mizigo yenye paa la kawaida na tunataka kuigeuza gari la kulala kwa safari za mbugani. Mimi nina sentimeta 178, mke wangu 165, na tuna mtoto wa miaka sita. Fundi anataka kitanda kikae kwa upana wa gari, tena kiinuliwe juu ili mizigo ikae chini yake. Yuko sahihi? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Ndugu yetu, kwa kimo chako usikubali. Nyuma ya viti vya mbele gari hilo lina urefu wa mita 3 hivi, lakini upana ni kama mita 1.5, na ukishabandika kinga ya joto na plaiwudi ukutani unabaki na sentimeta 146. Utalala umekunja magoti safari nzima. Kitanda kikae kwa urefu wa gari, sentimeta 190 kwa 125. Mbele yake itabaki zaidi ya mita moja, mkabala na mlango wa kuvuta, na hapo ndipo mahali pa friji na jiko la gesi.

Sasa kuinua. Kaa sakafuni wima, mtu akupime kutoka makalio hadi utosini. Mtu wa kimo chako hufika kama sentimeta 92. Ndani ya gari kuna kama 133 kutoka sakafu hadi paa. Toa 5 za sakafu mpya na dari, toa 92 zako na 3 za kupumua, toa godoro la 8 na ubao wa 1.5. Fremu yako isizidi sentimeta 23. Ukiipandisha hadi 50 utapata stoo kubwa, ila hutaweza kukaa kitandani hata kuvaa shati, na siku ya mvua hakuna pengine pa kukaa. Masanduku ya sentimeta 20 yanaingia chini vizuri tu.

Tumia plaiwudi ya milimita 15, kwa kuwa ya 12 hulegea katikati. Ikate vipande vitatu ili kimoja kiinuliwe mchana, na utoboe matundu ya milimita 25 kila baada ya sentimeta 10. Matundu hayo msiyapuuze: pumzi za watu watatu usiku hugeuka maji, maji hayo hukusanyika chini ya godoro, na wiki chache baadaye ukilinyanyua utakuta ukungu mweusi. Fremu ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya viti vya nyuma kama yapo. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia uvunguni uone tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapita wapi.

Mtoto alale mbele, juu ya ubao unaovuka viti.

Swali: Tunahitaji friji ya lita 40, feni, taa, simu mbili na laptopu. Muuzaji anatushauri inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 2,000 ili tutumie na birika la umeme. Halafu friji tuliyoijaribu ilikuwa inajizima usiku, ilhali betri ilisoma volti 12.6. Tatizo nini? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Tuanze na friji, maana kosa hili tunaletewa sana. Karibu kila mara ni waya. Mafundi wengi huvuta ule wa nyumba, milimita 1.5 za mraba. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, kompresa inapoanza na kuvuta ampea 8, karibu volti 1 nzima hupotea njiani. Betri ina 12.6, friji inaona 11.7, na kinga yake inaizima. Weka mita ya kupimia volti kwenye soketi ya friji, si kwenye betri, kompresa ikiwa inaanza. Utaona namba inavyoporomoka. Vuta waya wa milimita 4 au 6 za mraba, na uachane na soketi ya kuwashia sigara.

Hesabu yenu kwa siku: friji ya wati 45 ikifanya kazi nusu ya muda, wati-saa 540, laptopu 180, feni 80, taa 40, simu 30. Jumla 870. Betri moja ya lithiamu fosfeti ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, kwa hiyo inawatosha usiku na mchana. Paneli za wati 200, kwa saa 5 za jua kali na upotevu wa kawaida, zitarudisha kama 750. Ziacheni na nafasi ya hewa chini yake, kwa sababu paneli ikichemka umeme hupungua.

Pengo linalobaki lizibwe na alteneta, yaani jenereta ya injini, ila kupitia chaja maalumu ya betri kwa betri, ya ampea 30. Dakika 20 za kuendesha zinatosha. Msiunganishe lithiamu moja kwa moja: hupokea umeme bila kipimo na alteneta huungua, hasa injini ikizunguka polepole gari likiwa limesimama. Waya wa chaja uwe milimita 16, na fyuzi ya ampea 40 iwe karibu na betri kila upande, kwa sababu pande zote mbili zina umeme. Na kwa kuwa injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, betri ikae nyuma, mbali na joto lake.

Birika liacheni nyumbani. Wati 1,500 ni zaidi ya ampea 125 kwenye volti 12, na betri nyingi za ukubwa huo hujizima zikipita ampea 100. Chai ichemkie kwenye gesi, mlango ukiwa wazi. Inveta ya wati 300 inawatosha.

Swali: Nina betri ya gari ya N70 ya zamani, je naweza kuitumia? Na baridi ya Lushoto, tukiingiza jiko la mkaa kidogo kabla ya kulala? *Msomaji, Tanga*

Jibu: N70 ni ya kuwashia injini, bamba zake ni nyembamba, na ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara itakufa baada ya miezi. Ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo si ya kulala nayo.

Mkaa usiuingize kabisa, hata yakibaki makaa mekundu tu bila moshi. Hewa ya sumu inayotoka, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Chukua blanketi la ziada, weka zulia chini ya godoro, acha dirisha wazi sentimeta 2 kila upande, na funga kengele ya hewa hiyo karibu na kichwa mnapolala.